Comic-Con ya San Diego na washkaji: nendeni pamoja ila tembeeni mbalimbali

Meseji zimekuwa nyingi za kuniuliza Comic-Con ya San Diego, lile kongamano kubwa la mashabiki wa komiki na filamu kule Marekani, ikoje ukienda na kundi, na kila nikianza kumjibu mtu najikuta nimeandika gazeti, sa bora niliweke hapa wote msome. Na naanza na lile ambalo mi naliona ndo kubwa kuliko yote: nendeni pamoja, laleni sehemu moja, jioni kuleni meza moja, lakini mkishaingia humo ndani kila mtu ashike njia yake. Najua inasikika vibaya, eti mmepanga safari muda wote huo afu mkifika mnaachana mlangoni, ila subirini nieleze.

Pale ni nyomi aisee. Zaidi ya watu 130,000 wanapita pale mwezi wa saba, Alhamisi mpaka Jumapili, na kuna ule usiku wa Jumatano wa wachache kuonja kabla. Jengo lenyewe, San Diego Convention Center, limenyooka kando ya maji, refu mpaka ukisimama Hall A, ukumbi wa mwisho wa upande mmoja, huwezi kuona linakoishia. Mbele kuna reli ya treni za mjini na barabara ya Harbor Drive, ukivuka tu uko mtaa wa Gaslamp na huko nako kote kumegeuka tamasha, mabango ya filamu na tamthilia yamefunika hoteli ghorofa kwa ghorofa, yaani hata asiye na beji anapata cha kutazama. Sasa ndani ya ukumbi wa maonyesho jaribuni kutembea watu wanne mmeshikana, idadi yetu sisi. Mmoja akisimama kuangalia midoli, wengine mnakuwa kizuizi njiani, wa nyuma wanasukuma, mnageuka mmoja hayupo, muda unaisha mnatafutana wakati kilichowaleta kiko pale pale mbele yenu.

Na sisi kila mtu ana ugonjwa wake. Kuna fundi wetu, yeye ni kosplei tu, yaani kushona na kuvaa kama wahusika wa hadithi, ukimwonyesha nyota wa filamu anaangalia mshono wa koti lake. Kuna jamaa wa komiki za zamani, mwachie maboksi ya matoleo ya miaka ya 70 hutamsikia mpaka njaa imtoe. Kuna mdogo wetu wa filamu, anayeota Hall H, ule ukumbi mkubwa wa filamu, usiku na mchana. Na mi ni wachoraji, wachoraji, wachoraji.

Beji kwanza, ndo tiketi yako ya kuingilia, maana bila hiyo mengine yote ni hadithi. Hazinunuliwi mlangoni. Unafungua akaunti, unapewa namba ya uanachama, siku ya mauzo unaingia kwenye chumba cha kusubiri mtandaoni na mfumo unachagua watu bila kujali nani aliwahi, na anayebahatika anaweza kujinunulia yeye na wenzake wawili. Kwa hiyo kundi likiwa kubwa, hakikisheni kila mmoja ana namba za uanachama za wengine pembeni, wote mkae macho, atakayepita anawavuta wenzake. Sisi tulikuwa kwenye simu wote wanne tumenyamaza kimya, mara mdogo wetu akapiga yowe, mpaka leo masikio yanalia.

Haya, Hall H. Ukumbi unabeba watu kama 6,500, ndo huko studio kubwa zinaleta nyota na vipande vya filamu ambazo hazijatoka, na foleni yake ni maisha kamili. Inaanzia kwenye mahema yaliyo kwenye majani nje ya ukumbi, inapinda inaelekea kando ya maji, na kwa siku inayofuata wanagawa vitambaa vya mkononi jioni ya kabla yake, ukiwa na kitambaa angalau unajua uko kwenye hesabu. Afu kitu ambacho wengi hawajui, watu hawatolewi ukumbini kati ya paneli moja na nyingine, yaani vile vikao vya wageni kuongea jukwaani. Ukiingia asubuhi unaweza kukaa mpaka usiku, ndo maana utaona mtu amekaa anasikiliza mambo ya tamthilia asiyoijua kabisa, anasubiri paneli yake ya jioni, na wewe uko nje juani unahesabu vichwa.

Je inalipa? Mi nasema inalipa kama kitu kinachoonyeshwa humo unakipenda kwa moyo wako wote, sio kwa sababu kila mtu anakizungumzia. Niliingia na mdogo wetu kwa paneli moja, taa zikazimwa, na ile sauti ya watu elfu sita na zaidi kushangilia kwa pamoja unaisikia kifuani kabla ya masikioni, nikamwangalia nikaona machozi yanamtiririka, hakuona hata kama namwangalia. Kwa yeye ile ndo ilikuwa safari yote. Mi nilifurahi kwa ajili yake, kweli kabisa, lakini paneli ilipoisha nilitoka nikamwacha pale na biskuti zangu zote na chupa ya maji, tukaagana kama watu wanaopelekana stendi.

Sasa fundi. Deraya yake aliitengeneza kwa sponji ngumu, ile unayoipasha joto inakunjika unavyotaka, ikipoa inabaki hivyo hivyo, afu unaipaka rangi mpaka mtu anaapa ni chuma. Upanga wake ulipitishwa kwenye meza ya ukaguzi, wakauangalia, wakaufunga alama, twende. Mchana bega la kushoto likaanza kuachia gundi. Kabla hata hatujajua tufanye nini, dada mmoja tusiyemjua, naye kavaa mabawa makubwa ajabu, akapiga goti pale sakafuni akafungua mkoba: kimashine cha gundi ya moto, pini, uzi, gundi ya karatasi, hadi kioo kidogo. Akalishika lile bega kwa vidole viwili, akapulizia gundi ipoe, akalivuta kidogo kujaribu, akaongeza tone moja ndani ya mkunjo ambapo huwezi kuliona, akasimama akaenda zake. Hata jina hatukupata. Fundi siku ile nzima alikuwa anaongea habari za lile tone la gundi kuliko nyota yeyote aliyekuja.

Yeye ndo alinifundisha kuhusu Myrtle Douglas. Mwaka 1939, kongamano la kwanza la dunia la mashabiki wa hadithi za kisayansi lilifanyika New York, na mama huyu akashona mavazi mawili ya watu wa wakati ujao, moja lake na lingine la rafiki yake Forrest Ackerman, shabiki mwenzake, wakaingia wamevaa wao wawili tu kati ya watu wote. Miaka mingi watu walimtaja Ackerman peke yake, na mshonaji je? Fundi akilisimulia hilo sauti inapanda, na mi nakubaliana naye, kila anayevaa pale anadaiwa kumjua.

Na tafadhali sana, kama mnataka picha na mtu aliyevaa, muombeni kwanza. Usimguse, usimshike bawa, usimsimamishe katikati ya njia, msogee pembeni. Vazi sio ruhusa. Hili silisemi kwa upole, nimeona watu wakivutwa mikia na majoho yao na watu wasiowajua kabisa na inaniuma.

Sasa kwangu. Ndani ya ukumbi wa maonyesho, kule mwisho upande wa Hall H, unakuta Artists' Alley, meza ndogo ndogo zimepangana, nyuma ya kila meza kakaa mtu aliyechora kitu kwa mkono wake. Kelele zinapungua kidogo. Kuna mzee mmoja nilisimama mbele yake nikasahau kama nina miguu. Alikuwa anapiga wino juu ya penseli, brashi nyembamba, anaichovya, anaifuta ncha kwenye kitambaa, afu anavuta mstari wa shavu kwa pumzi moja, unaanza mwembamba, unanenepa kwenye kidevu, unaisha kama unywele. Wala hainui macho, huku anakujibu maswali. Nikamuuliza anajuaje pa kukaza mkono, akanipa brashi nijaribu kwenye kipande cha karatasi, akaushika mkono wangu kwa juu akanionyesha kwamba nguvu inatoka kwenye bega, vidole vinafuata tu. Nani atakupa hicho kitu kwenye paneli ya watu 6,500?

Halafu watu wanapita tu pale, wanakimbilia vibanda vya makampuni kupanga foleni ya mifuko ya bure. Inanisikitisha maana hii Comic-Con yenyewe ilianza kwa ajili ya hawa. Machi 1970 walifanya kikao cha siku moja pale hoteli ya U.S. Grant, huyo huyo Ackerman akiwa mgeni, ili kuchangisha hela ya kongamano la Agosti, ambalo lilipata watu kama 300 hivi, na mchoraji wa komiki Jack Kirby na mwandishi Ray Bradbury walikuwepo. Mia tatu! Kwa hiyo ukienda, weka bajeti yako ya kwanza kwa mtu aliyekaa nyuma ya meza na wino kwenye kucha, mdoli utaupata hata mtandaoni.

Mengine ya haraka haraka. Mtandao wa simu unazidiwa na watu, meseji inafika baada ya saa nzima, kwa hiyo pangeni asubuhi saa na mahali pa kukutana na mtaje herufi ya mlango, sio "pale mbele". Viatu ulivyozoea, sio vipya. Maji. Pawabenki. Na mtu akitaka kwenda kulala mchana mwacheni alale.

Faida ya kuachana utaiona jioni, kila mtu anarudi na habari ambazo wengine hawana, mnaongea mpaka jirani wa chumba anagonga ukuta. Na Jumapili, kwa kuwa watu wanaanza kupungua kidogo, tukabadilishana, kila mmoja anampeleka mwenzake kwenye ulimwengu wake. Jamaa wa komiki akamfundisha mdogo wetu kupekua maboksi, unapitisha vidole juu ya plastiki haraka haraka kama mtu anayehesabu noti. Mi nikamchukua fundi nikampeleka kwa yule mzee wa wino. Nilidhani ataangalia dakika mbili aombe kuondoka. Wakaanza kubishana kuhusu kitambaa, mzee anasema kanzu nzito inakunjika hivi kwenye kiwiko, fundi anasema hapana, hiyo ni pamba, sufu haikunjiki hivyo, akavua koti lake akalivisha kiti kumwonyesha, mzee akachukua karatasi mpya akaanza kuchora mikunjo upya. Ikatangazwa ukumbi unafungwa saa kumi na moja, watu wanafunga maboksi, wao ndo kwanza wamefika kwenye kola. Nikaenda mlango G kuwaambia wengine waweke mabegi chini, maana huyu leo hatoki.