Siku moja maishani mwangu: mimi sisafishi masikio

Nikitaja kazi yangu, mtaalamu wa usikivu, mtu ananiinamishia kichwa nimtoe uchafu sikioni. Hapana. Daktari bingwa akishapandikiza kifaa cha kusikia ndani ya sikio, chenye mashine ya nje inayoshikwa kichwani kwa sumaku, mimi ndiye ninayekiwasha na kukirekebisha, miaka na miaka.

Saa 11 alfajiri nagombania daladala Mbagala. Saa 2 nimeshaanza na wa marudio. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu aliyepoteza usikivu ukubwani. Maneno bado anayo kichwani, na siku hizi simu inaingia moja kwa moja kwenye kifaa chake, anapiga soga na wajukuu.

Saa 4, mtihani. Mtoto wa miaka mitatu, kiziwi tangu homa ya uti wa mgongo, kidonda cha upasuaji kimepona, leo anawashiwa. Kaja na mama, bibi, na baba mdogo aliyekwishaelekeza simu arekodi machozi ya furaha kama kwenye video za mtandaoni.

Kifaa chake kina elektrodi 22, yaani ncha ndogo za kupitishia umeme, ndani ya sikio. Natafuta sauti ndogo anayoanza kuisikia na kubwa anayoivumilia. Hawezi kuniambia, kwa hiyo namtazama: ameacha kuchezea kikombe? Amegeuza macho? Kompyuta nayo inapima mshipa wa fahamu wa kusikia unavyojibu umeme. Yataka utulivu. Baba mdogo anapiga makofi. "Sema baba mdogo! Sema!" Mtoto akaangua kilio, akang'oa ile sumaku kichwani.

"Dada, mbona hasikii? Mamilioni yote haya!"

"Kaka, analia kwa kuwa amesikia."

Hakunielewa. Nikaeleza tena, na tena: kusikia kwake kumezaliwa leo, tunaanza chini na kupandisha kidogo kidogo, maneno yatakuja kwa mazoezi ya nyumbani. Akataka kujua India wangefanyaje. Kweli, kabla Muhimbili haijaanza upasuaji huu 2017, watu waliufuata India. Lakini huko nako mtoto haamki na sentensi. Bibi ndiye aliyemaliza ubishi: "Kwa hiyo tuseme naye kama kichanga." Shikamoo bibi!

Kinachonichosha zaidi ni kuchelewa. Marekani tangu 2020 wameruhusu hata mtoto wa miezi 9 apandikizwe; huku nawapokea wa miaka minne, waliosubirishwa kwa "ataongea tu, hata baba yake alichelewa".

Chakula cha mchana sikumbuki. Baadaye, sijui saa ngapi, akaingia mama kutoka Lindi: mashine ya mwanawe imezima wiki nzima. Nikaifungua, waya umekatika, na jasho na unyevu wa pwani vimeanza kula vibati vya betri. Nikasafisha, nikampa kisanduku cha kukaushia. Waya wenyewe umeisha. Anayetuuzia anasema wiki ijayo. Nikachomoa wa mashine yetu ya maonyesho, nikamwazima kwa kusainiana kwenye daftari. Ripoti za leo nitaziandika kesho.