Kuhamia filamu ya inchi 4 kwa 5: kamera ije mwisho

Mtu anayepiga filamu ya milimita 35 akiniambia anataka kuhamia kamera kubwa, karibu kila mara huuliza anunue kamera gani. Mimi humrudishia swali: negativu ikishakauka, utaipitisha wapi? Hesabu ianzie hapo, irudi nyuma hatua kwa hatua, na kamera iwe kitu cha mwisho kununuliwa.

Fremu ya milimita 35 ni milimita 24 kwa 36. Kipande cha inchi 4 kwa 5 (hapa kila picha ina kipande chake cha filamu, si roli) kina eneo la karibu mara 15 ya hilo. Ukitaka picha ya inchi 16 kwa 20, negativu kubwa unaikuza mara 4 tu kila upande, ilhali ile ndogo itabidi uikuze kati ya mara 14 na 17. Utamu wote wa kuhama uko kwenye tofauti hiyo. Lakini mashine ya kukuzia uliyoizoea haiwezi kupokea negativu hiyo. Utahitaji iliyotengenezwa kwa inchi 4 kwa 5, yenye lenzi ya milimita 135 au 150 badala ya ile ya 50, na mashine hizo ni nzito, zinataka meza imara na nafasi ya kutosha juu yake. Kwenye skana nako angalia vizuri: Epson V600 inaishia kwenye filamu ya 120, ile ya roli iliyo pana kuliko ya 35, ila V700 na V850 zinasoma kipande kizima kwa mara moja.

Huna hata kimoja kati ya hivyo? Chapa kwa kugusanisha. Laza negativu juu ya karatasi ya picha, weka kioo safi juu yake, washa taa. Mpiga picha Edward Weston alichapa hivyo negativu zake za inchi 8 kwa 10. Za inchi 4 kwa 5 hutoa picha ndogo ya kushika mkononi, na mimi nazipenda kuliko nyingi nilizokuza.

Kusafisha filamu kunabadilika pia. Anayehamia 120 pekee hana shida kubwa, kwa sababu roli za plastiki za tangi la Paterson zinapanuliwa zikaipokea. Vipande ni habari nyingine. Unaweza kuvisafisha kwenye trei, mradi una chumba chenye giza kamili na mikono mitulivu isiyokwaruza. Kama chumba hicho huna, kuna kifaa kiitwacho MOD54 kinachoingia kwenye tangi kubwa la Paterson na kubeba vipande 6, au tangi la SP-445 linalobeba 4 kwa dawa isiyofika nusu lita. Mimi hutumia hilo la pili. Mfuko wa giza wa kuingiza mikono chagua mkubwa, wenye fremu inayokiinua kitambaa. Ule unaolala juu ya mikono hujaa jasho upesi, na jasho na filamu havipatani.

Sasa vibebeo vya filamu, vile visanduku bapa vinavyochomekwa nyuma ya kamera, ambavyo watu huvipa uzito mdogo mno. Kila kibebeo kina vipande 2, kimoja kila upande. Aliyezoea picha 12 za mraba kwenye roli moja ya 120 ajue kwamba idadi hiyo hapa ni vibebeo 6 begani. Nunua vinavyofanana, vipe namba, na kabla ya kuviamini peleka kila kimoja juani kikiwa na filamu ndani, kisha safisha filamu hiyo uone kama kuna mwanga uliopenya. Vibamba vya kufunikia vina upande mweupe na upande mweusi: kwa desturi mweupe ukitazama nje filamu bado haijapigwa, mweusi imeshapigwa. Kwenye giza utaijua filamu kwa vidole. Ishike wima, upande mrefu ukisimama. Vijino vilivyokatwa ukingoni vikiwa pembe ya juu kulia, upande wenye dawa unakutazama. Na brashi laini isikose, maana chembe ya vumbi iliyobaki ndani itakuwa doa jeusi kwenye picha.

Lenzi ya kawaida hapa ni milimita 150, sawa na 50 kwenye filamu ndogo. Usiangalie urefu huo peke yake. Uliza duara la mwanga ambalo lenzi inatupa nyuma. Kipande chenyewe kinataka duara la milimita 150 na ushee kutoka pembe hadi pembe. Ukilipata la 210, unaweza kuipandisha lenzi jengo refu liingie bila kuta zake kuinamiana, na kwa nini uhangaike na kamera kubwa kama huo uhuru huna? Shata iko kwenye lenzi. Shata ya aina ya Copal 0 hupiga kuanzia sekunde 1 hadi 1/500, na ikizeeka, kasi za polepole ndizo hukwama kwanza, kwa hiyo sikiliza ile sekunde moja kabla ya kulipa.

Utatumia f/22 na f/32, yaani tundu dogo la lenzi, mara nyingi, kwa sababu kina cha picha (sehemu inayoonekana kali mbele na nyuma) ni kifupi kwenye lenzi ndefu hivi. Shata itakuwa wazi kwa muda mrefu, kwa hiyo stendi ya miguu mitatu iwe nzito kuliko unavyodhani inatosha, na kebo ya shata iwe ndefu. Kipima mwanga cha mkononi ni lazima, kamera hizi hazina chake. Lupu, kioo kidogo cha kukuzia, inayokuza mara 4 hadi 8 ya kusomea kioo cha ukungu kilicho nyuma ya kamera, ambako picha inaonekana miguu juu na kulia kushoto. Shuka jeusi la kujifunika kichwa shona mwenyewe.

Kifaa ninachokisisitiza zaidi ni tepu ya fundi cherehani. Ukisogelea uso wa mtu, mvukuto (yale makunjo kati ya lenzi na filamu) unarefuka na mwanga unapungua. Gawa urefu wa mvukuto kwa urefu wa lenzi (ile namba yake ya milimita), kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Lenzi ya 150 ikiwa mbali na filamu kwa milimita 200, jibu ni karibu 1.8, yaani ongeza mwanga kwa karibu stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili). Ikifika 300 ni stopu mbili kamili. Kipima mwanga cha mkononi hakitakuambia hayo.

Kamera yenyewe ni mvukuto katikati ya fremu mbili. Inayokunjika inafaa kwa mwenye kutembea, ya reli moja inafaa studio na huwa na miondoko mingi zaidi ya kupandisha na kuinamisha lenzi. Hakikisha ubao wa lenzi unapatikana kwa kamera hiyo, maana wa Linhof hauingii kwenye Sinar. Kisha ingia gizani, weka tochi ndani ya mvukuto, uurefushe wote na uzunguke ukitazama pembe za mikunjo, huko ndiko hutoboka kwanza.