Nilipe kwa mlango?

Jumamosi ya tarehe 18 Januari 2025, mama mmoja anayeuza samaki katika soko la Kenya (Kenya mtaa wetu wa Lubumbashi, siyo nchi) alifika kwenye dirisha la keshia wa koperative na rejesho la mkopo wake la dola 50. Lilikuwa la tarehe 16. Keshia akaingiza namba, skrini ikadai dola 52. Faini ya siku mbili, dola moja kwa siku.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Tarehe 16 siku ya Mzee Kabila, mulifunga. Tarehe 17 siku ya Lumumba, mulifunga. Nilipe kwa nani? Kwa mlango?"

Aliyeandika hesabu ile ni mimi. Koperative ni ndogo, ya akiba na mikopo, na programu yao yote naitunza peke yangu. Nilikimbia kuendesha majaribio yangu, yaani vipande vya programu vinavyokagua programu yenyewe. Yote yakapita, kijani kutoka juu hadi chini. Kulikuwa na moja lenye jina la Kiingereza refu kama treni la shaba, na maana yake ilikuwa hii: mkopo ukichelewa siku mbili, utozwe faini ya siku mbili. Lilikuwa linafanya kazi yake vizuri sana. Nilikuwa nimeelewa neno "kuchelewa" vibaya, nikaandika programu inayoelewa vibaya, kisha nikaandika jaribio la kuhakikisha kwamba hakuna atakayeisahihisha kwa bahati.

Mama alirudishiwa dola zake mbili. Mimi nikaanza kusoma kuhusu BDD, njia ya kuandika programu kwa kuanzia na tabia inayotakiwa. Jina nilikuwa nalijua tangu chuo, ila nilidhani ni pambo tu. Historia yake ndiyo iliyonivuta. Dan North, aliyeianzisha, alikuwa akifundisha watu kuandika majaribio kabla ya msimbo (programu yenyewe), akaona kwamba neno "test" lenyewe linawachanganya: hawajui waanzie wapi, wapime nini, waishie wapi. Alipoliondoa na kuanza kusema "tabia", maswali mengi yakapungua. Mwishoni mwa 2003 alianza kutengeneza JBehave, zana ya njia hiyo kwa lugha ya Java, na mwaka 2006 akaandika makala ya kueleza fikra hiyo. Umbo la sentensi tatu, yaani hali ilivyo, jambo linalotokea, matokeo yanayotarajiwa, alilitengeneza pamoja na Chris Matts. Baadaye, 2008, Aslak Hellesøy akaleta Cucumber, zana nyingine ya namna hiyo, na lugha ya kuandikia sentensi hizo ikaitwa Gherkin. Mimi natumia lugha ya Python, kwa hiyo nilichukua zana ya behave, ambayo inasoma Gherkin ileile.

Kisha nikaharibu.

Nilikaa peke yangu usiku, umeme ukirudi, nikaandika senario (kila moja ni mfano mmoja kwa umbo la sentensi hizo) kama arobaini kwa Kiingereza. Zilikuwa za namna hii: nafungua ukurasa wa mkopo, najaza kisanduku cha kiasi, nabonyeza "Enregistrer" (hifadhi), naona ujumbe wa kijani. Kila senario ilifungua kivinjari kupitia Selenium, zana ya kuendesha kivinjari bila mkono wa mtu, na kutembea kwenye skrini kama mtu mwenye macho mabovu. Kuziendesha zote kulimaliza chai na mkate wake. Halafu siku moja keshia akaomba maandishi ya kitufe yawe "Valider" (thibitisha), kwa sababu ndivyo alivyozoea kwenye daftari lake. Nikabadilisha neno moja, senario thelathini zikaanguka, wakati hakuna hata hesabu moja iliyoharibika.

Na lile kosa la faini? Bado lilikuwamo. Nilikuwa nimeziba tarehe 16 na 17 Januari tu, kwa mkono, kama mtu anayeweka ndoo chini ya paa linalovuja.

Kilichonigeuza ni Mama Shefu, mkuu wa mikopo. Nilimwonyesha senario zangu nikitarajia sifa. Akasoma mistari miwili, akavua miwani. "Mwanangu, hapa unaniambia namna ya kubonyeza. Mimi kubonyeza nabonyeza kila siku. Faini iko wapi?"

Faini haikuwepo. Kulikuwa na vitufe.

Basi nikamwomba nusu saa, yeye na keshia, Jumatano baada ya kufunga. Nilikuwa nimesoma kuhusu mchezo wa kadi wa Matt Wynne: kadi ya njano ni kazi inayotakiwa, ya buluu ni kanuni, ya kijani ni mfano, nyekundu ni swali lisilo na jibu. Dakika 25, basi. Kadi za rangi sikuwa nazo, nikakata karatasi nyeupe na kuchukua bic nne. Nikaandika juu: "Faini ya kuchelewa." Nikauliza kanuni. Mama Shefu akajibu bila kufikiri: "Dola moja kwa siku." Hapo ndipo mimi wa zamani ningefunga daftari nikaenda kuandika msimbo. Safari hii nikasema: nipe mfano wa mtu.

Akaanza kunipa watu. Yule wa samaki. Mwalimu ambaye mshahara wake ulichelewa. Dereva wa barabara ya Kasumbalesa aliyekwama mpakani siku nne kwenye msururu wa malori, akalipa kwa simu saa sita na dakika ishirini usiku. Kila mtu alikuja na kanuni mgongoni mwake. Ukimwomba mtu wa kazi kanuni, anakupa ile iliyobandikwa ukutani. Ukimwomba mfano, anakupa ile anayoitumia kweli. Haya mawili hayafanani, na programu yangu ilikuwa imejengwa juu ya ile ya ukutani.

Mama Shefu alisimama kwenye kalenda, akafungua Januari ya 2026, akacheka. Tarehe 16 ni Ijumaa, sikukuu. Tarehe 17 ni Jumamosi, sikukuu. Tarehe 18 ni Jumapili. Mwenye rejesho la tarehe 16 ana haki ya kulipa hadi Jumatatu tarehe 19 bila senti ya faini. Ile ndoo yangu chini ya paa isingelitosha, kwa sababu Jumapili sikuiwazia. Nikaandika palepale, mbele yao:

```
# language: fr
Fonctionnalité: Faini ya kuchelewa

  Scénario: Siku ya kulipa inaangukia sikukuu
    Soit rejesho la dola 50 la tarehe 16/01/2026
    Et ofisi imefungwa 16/01, 17/01 na Jumapili
    Quand mteja analipa dola 50 tarehe 19/01/2026
    Alors faini ni dola 0
```

Mnaona lugha. Gherkin ina maneno yake ya kuongozea katika lugha nyingi, Kifaransa kimo, na kinachofuata baada ya neno hilo unaandika utakavyo. Kwa hiyo "Soit" (hali ilivyo), "Quand" (jambo linalotokea) na "Alors" (matokeo) ni za Kifaransa, mwili wa sentensi ni Kiswahili. Nilisita kidogo, nikaona aibu, kisha nikakumbuka kwamba ndivyo tunavyoongea hapa Lubumbashi kutoka asubuhi hadi jioni. Karatasi za ofisi ni Kifaransa, ubishi ni Kiswahili, msimbo ni Kiingereza. Senario inakaa katikati, kwa hiyo ichanganye. Keshia aliisoma kwa sauti bila kukwama, na kwangu hicho ndicho kipimo.

Yule dereva alitupa kazi nyingine. Saa sita na dakika ishirini usiku kwetu ni saa tano na dakika ishirini Kinshasa, kwa kuwa Lubumbashi iko mbele kwa saa moja. Seva yetu ilikuwa imewekwa kwa saa za Kinshasa. Maana yake malipo ya dereva yaliandikwa siku ya nyuma, akaponea faini, wakati mwenzake aliyelipa asubuhi yake akatozwa. Nchi ni moja, tarehe mbili. Niliuliza: siku ya mteja ni ipi? Mama Shefu akanitazama kama niliyeuliza bukari (ugali wetu) inaliwa na nini. "Ya hapa." Kadi ya buluu: siku ni siku ya Lubumbashi. Kwenye msimbo nikabadilisha ukanda wa saa kutoka Africa/Kinshasa kuwa Africa/Lubumbashi. Mstari mmoja tu, lakini peke yangu nisingeugusa, maana hakuna jaribio langu lililowahi kuuliza ni saa ngapi, wapi.

Kuhusu namna ya kupanga ndani, nitasema machache. Senario ziko kwenye folda ya `features`, na kila sentensi ina kipande chake cha Python kwenye folda ya `steps` kinachoifanya iwe kitendo. Nilichojifunza kwa uchungu ni kuvifanya vipande hivyo viongee moja kwa moja na sehemu inayopiga hesabu, bila kupitia skrini. Kivinjari nimekiachia senario tatu tu: kuingia, kuandika malipo, kutoa risiti. Keshia sasa anaweza kubadilisha maandishi ya vitufe kila wiki akitaka, faini haitikisiki. Faili la `environment.py` linasafisha hifadhidata kabla ya kila senario, ili mkopo wa dereva usije ukaonekana kwenye hesabu ya mama wa samaki.

Na saa. Hakuna senario inayosoma saa ya kompyuta. Sehemu ya hesabu hupewa "leo" kutoka nje, na sentensi ya "Quand" ndiyo inayosema leo ni lini. Kabla ya hapo nilikuwa na jaribio lililopita Jumatatu hadi Ijumaa na kuanguka kila mwisho wa wiki. Nilidhani ni mtandao.

Mifano inayofanana nimeiweka kwenye jedwali moja, "Plan du scénario" (kiolezo cha senario) na "Exemples" (mifano) zake: tarehe ya rejesho, tarehe ya malipo, faini. Mama Shefu anapenda jedwali kuliko sentensi. Hata hivyo niseme ukweli, hafungui faili zangu. Wengi wanaosifia njia hii husema mwenye biashara atasoma senario mwenyewe, hata kuziandika. Wangu hajawahi. Anakuja Jumatano, anaongea, anabisha, anaenda zake. Mimi nabaki na kazi ya kuandika, kesho yake namsomea. Sioni hasara. Kama ningelazimika kuchagua kati ya ile nusu saa na behave yenyewe, behave ningeiacha.

Wala siandiki kila kitu hivyo. Kukata hesabu ya franga ifike kwenye mia kamili, kugawa malipo ya franga kwenye mkopo wa dola kwa bei ya asubuhi, hayo ni mambo ya namba tupu, na majaribio madogo ya kawaida ya pytest yanatosha. Nilijaribu kuyaandika kama senario, yakawa marefu na hakuna aliyetaka kuyasikia. Keshia alisinzia. Ila swali la malipo pungufu, mtu akileta dola 30 badala ya 52, zianze kulipa faini, riba au deni lenyewe, hilo lilituchukua Jumatano mbili nzima, kwa sababu keshia na Mama Shefu walikuwa wakifanya tofauti kwa miaka na kila mmoja alidhani mwenzake anafanya kama yeye. Programu ilikuwa na njia yake ya tatu, niliyoibuni mimi. Sasa ni senario sita, na anayetaka kubisha nampeleka kwenye senario.

Kadi nyekundu iliyobaki ukutani ni moja. Umeme ukikosekana na betri zikiisha, ofisi haifungi: keshia anapokea fedha, anaandika risiti ya mkono, anaingiza kwenye kompyuta umeme ukirudi, labda kesho, labda kesho kutwa. Tarehe ya risiti na tarehe ya kuingiza zinatofautiana. Keshia anasema ihesabiwe ya risiti. Mama Shefu anakubali, lakini anauliza nani atamzuia mtu kumwandikia shemeji yake risiti ya tarehe ya jana. Keshia alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama swali lile linamhusu yeye. Tuliahirisha hadi Jumatano.