Kujifunza Kutoisikia Friji

Uziwi wangu uliletwa na dawa, na dawa hiyohiyo ndiyo iliyoniponya. Nilikuwa na kifua kikuu sugu, kile ambacho dawa za kawaida hazikiwezi, na wakati huo matibabu yake yalikuwa na sindano ya kanamaisini, miezi na miezi. Sindano hiyo huua bakteria, lakini pia huua seli zenye vinyweleo ndani ya koklea, kile kiungo cha sikio la ndani kilichojikunja kama konokono, zile zinazogeuza mitetemo ya sauti kuwa ishara za neva. Kwa binadamu zikishakufa hazioti tena. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kanamaisini isitumike tena kwa ugonjwa huo. Mimi nilikuwa nimeshamaliza dozi. Nilitoka kliniki na mapafu mazima, nikakuta makanga wa matatu wa Jogoo Road, Nairobi, wanafungua midomo na hakuna kitu kinachotoka.

Kifaa cha kawaida cha kusikia hakikunifaa, kwani kazi yake ni kukuza sauti tu, na seli zilizokufa hata ukizipigia ngoma hazitaamka. Kipandikizi cha koklea huziruka. Nje, nyuma ya sikio, unavaa prosesa yenye maikrofoni. Sumaku inashikilia koili yake, kisahani kinachopitisha ishara, kichwani juu ya sehemu iliyozikwa chini ya ngozi. Na kutoka hapo uzi mwembamba wenye elektrodi, yaani ncha ndogo za umeme, umeingizwa ndani ya koklea kabisa, unaipa neva umeme moja kwa moja. Habari za pesa, michango ya ukoo, chanjo na upasuaji wenyewe sitazisimulia. Watu wengi wameshazisimulia. Nataka kusema juu ya kelele.

Kifaa hakiwashwi siku ya upasuaji. Unasubiri wiki chache kidonda kipone. Siku yangu ilipofika dada yangu alikuja ameshika simu tayari kurekodi machozi, maana alikuwa ameona video za watu wanaolia kwa furaha. Akaniuliza, “Sasa unanisikia?” Nilisikia kitu, ndiyo. Sauti yake ilinijia kama redio ambayo betri zake zinakaribia kufa na stesheni haijashika vizuri. Video haikuwa na maana, akaifuta.

Mtaalamu wa kusikia alikuwa ametuonya. Alipima elektrodi moja moja, nikimwambia ni wapi ninaanza kusikia na ni wapi inaanza kuwa kali, na kutokana na majibu hayo akapanga viwango vya prosesa. Viwango hivyo hurekebishwa tena na tena kila unaporudi. Amri yake kubwa ilikuwa moja: nivae tangu ninapoamka mpaka ninapolala. Ubongo ndio unaojifunza, na hauwezi kujifunza kifaa kikiwa kwenye droo.

Basi nikarudi mtaani kwetu Umoja, kwa nyumba niliyodhani ni tulivu. Hakuna nyumba tulivu. Friji inanguruma, inanyamaza, inaanza tena. Mita ya stima inalia tokeni zikikaribia kuisha. Malapa ya jirani yanapanda ngazi. Karatasi ya mandazi ikifunguliwa ilinifanya nishtuke kuliko honi. Na kwa sikio langu jipya vyote hivyo vilikuwa na ukubwa mmoja: tonge likidondoka, mtoto akilia, mlango ukibamizwa, yote mbele, hakuna kilichorudi nyuma kikakaa kimya. Watu wenye masikio yao hawajui kazi wanayofanya kutwa nzima ya kutupa sauti wasizozihitaji. Mimi ilibidi nizitupe moja moja, na huwezi kutupa kitu usichokijua.

Ndiyo maana nilianza na sauti ninazozitoa mwenyewe. Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani ndiyo iliyonipa mwanya. Miaka yote ya uziwi nilikuwa nikiisikiliza kwa mguu na vidole. Nilijua mdundo wake ukienda vizuri na nilijua uzi ukikaribia kukatika. Sasa mdundo uleule ukawa unafika kichwani wakati uleule ninapokanyaga. Jicho, mguu na sikio vikakubaliana. Mwanzoni ilikuwa tiki-tiki ya bati, lakini ilikuwa tiki-tiki ninayoimiliki: nikisimama inasimama, nikikimbiza inakimbia. Nikaenda hivyo kwa mkasi, kwa pasi ikiwekwa chini, kwa kitambaa cha kitenge kikichanwa na cha hariri kikichanwa, ambavyo havifanani hata kidogo. Kisha jikoni: ufagio, sufuria, kiberiti, kitunguu kikiingia kwenye mafuta. Ninapendekeza njia hii kwa yeyote. Usiketi kwenye kiti ukisubiri dunia ikuletee sauti.

Zile nisizozitoa mimi, mtoto wa dada yangu ndiye alikuwa kamusi. Watoto hawachoki kuulizwa. “Hiyo ni nini?” “Ni tangi linajaa maji, anti.” “Na hiyo?” “Ni wale ndege wa mdomo mrefu, wale wa asubuhi.” Kitu kikishapata jina, baada ya siku kadhaa kinaanza kupungua chenyewe. Friji ilichukua muda kuliko vyote. Siku moja dada alisema inapiga kelele vibaya, labda inaharibika, nikatambua kwamba mimi sikuwa nimeisikia tangu asubuhi. Hapo ndipo nilipofurahi.

Barabarani ni habari nyingine. Nina kipandikizi upande mmoja tu, na sikio moja haliwezi kukuambia sauti inatoka wapi. Najua kuna boda boda. Sijui kama iko mbele, nyuma, au imepanda njia ya waenda kwa miguu, kama zilivyo na desturi. Kwa hiyo shingo yangu inafanya kazi ya sikio la pili. Kwenye matatu yenye muziki sitegemei prosesa hata ikiwa kwenye programu ya mahali pa kelele. Nakaa upande ambao sikio langu linaelekea watu, si dirisha, na ninamtazama makanga mdomoni. Kusoma midomo sikukuacha, na sioni aibu.

Msongamano wa mlangoni huweza kuing'oa koili, sumaku ikachomoka ukabaki na bubujiko la watu lisilo na sauti. Kilemba kinasaidia kuishika, lakini kisifunike maikrofoni, la sivyo kila ukigeuza kichwa kitambaa kinakwaruza kama msumeno. Usiku navua, naiweka kwenye kopo lenye vidonge vya kukausha unyevu, na ninakuwa kiziwi kamili hadi asubuhi. Wenzangu wa ploti wanajua kwamba kubisha mlango wangu saa nane usiku ni kujichosha. Mvua ikipiga mabati tunakuwa sawa, hakuna anayemsikia mwenzake.

Muziki umerudi nusu. Ngoma na makofi napata safi. Melodi inanipotea, na hesabu yake inaeleweka: sikio zima lina seli zenye vinyweleo karibu 15,000, na kipandikizi kina elektrodi 12 hadi 22 kulingana na mtengenezaji. Kanisani nyimbo nilizozijua kabla ya kuugua ninazijaza kwa kumbukumbu na zinakaribia kuwa nzuri. Nyimbo mpya za kwaya ni uji. Ninasimama, ninapiga makofi, inatosha.

Mazoezi ya maneno ninayafanya kwa taarifa ya habari ya Kiswahili, kwa sababu msomaji hakimbizi na hakuna anayemkatiza. Irabu zinakuja wazi. Konsonanti ndizo zinazonicheza, hasa s, f na t. Kwa fundi hilo si jambo dogo. Mteja akisema kiuno ni sitini au tisini, kwangu ni karibu kitu kimoja, kwa hiyo namfanya aniwekee kidole kwenye futi, nami naandika.

Simu ndiyo bado. Ya dada naipokea, kwa kuwa najua atakachosema kabla hajasema. Wateja wanatuma ujumbe, na anayetaka kunisomea vipimo kwa simu namjibu kwa maandishi: mwili uje wenyewe.