Maharage kumi juu ya kitenge

Mwaka 2018 tulikuwa Kampala, vichochoro vya karibu na Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, tukilifanyia majaribio dodoso letu. Tulitaka kujua mchuuzi wa vitenge anamchaguaje muuzaji wa jumla. Wachuuzi tuliowalenga walikuwa akina mama wa Kikongo, ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya biashara. Kibali cha kamati ya maadili na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia tulikuwa navyo.

Asubuhi hapafai kwa mahojiano. Kabla mtu hajauza cha kwanza, mgeni mwenye karatasi ni mkosi, na atajibu chochote ili uondoke. Tulingoja mchana, biashara inapopoa.

Sehemu ya kwanza ilitumia kipimo cha mwanasaikolojia Mmarekani Rensis Likert, cha tangu 1932: sentensi moja, majibu 5, kuanzia "nakataa kabisa" hadi "nakubali kabisa". Kikisomwa kwa sauti sokoni hupwaya. Wengine hushika jibu walilolisikia mwisho, wengine hukubali kila kitu kwa heshima. Ndiyo maana huchanganywa sentensi za kukanusha, nazo zina balaa lake: mtu akikataa "Muuzaji wangu haniamini", amesema anaaminiwa, na alama lazima zigeuzwe (1 iwe 5, 2 iwe 4) kabla ya kukokotoa alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama majibu ya sentensi hizo yanakwenda pamoja. Zisipogeuzwa, alfa huweza kuporomoka chini ya 0.70, kiwango kinachokubaliwa na wengi, na lawama humwangukia mhojiwa bure.

Mama mmoja wa Bukavu alisikiliza, akasema, "Mwanangu, mbona unaniuliza jambo moja kwa njia nne? Mimi nafuata bei, basi."

Tukahamia sehemu ya pili, ya maharage. Mhojiwa hupewa punje 10 azigawe kwa wauzaji wake kulingana na pesa alizowapelekea mwezi uliopita. Kwanza hufanya zoezi kwa chai, soda na maji, maana asiyeelewa hugawa sawasawa na ukadhani hana upendeleo. Punje huhesabiwa mbele yake, kwa kuwa punje moja ikidondoka hesabu yote imeharibika.

Yule mama alitandika kitenge, akaweka punje 7 kwa muuzaji mmoja, 2 kwa wa pili, 1 kwa wa tatu. Nikamwambia: tuseme huyu wa kwanza amepandisha shilingi 2,000 kwa kila kitenge. Akahamisha punje moja. Nikarudisha bei, nikasema: sasa hakupi tena mali kauli, unalipa taslimu. Akazikumba zote kwa kiganja, akabakiza moja.

Kwa mali kauli, nguo anazichukua leo, analipa akishauza. Mtaji wake hautoshi kujaza kibanda kwa taslimu, kwa hiyo zile 2,000 kwake ni gharama ya kuaminiwa, na anailipa. Sentensi zetu kuhusu bei zisingeliona hilo hata tungehoji soko zima, kwa sababu bei ndilo jibu la haraka kwa mtu yeyote ukimuuliza sababu.

Tulipunguza sentensi, tukafuta zenye kukanusha, na maharage tukayatanguliza kabla ya swali lolote la sababu. Wengine wakishatamka "bei", hugawa punje kulinda neno lao. Tukaweka pia sharti kwa wasaidizi: muuzaji wa jumla akiwa karibu, funga daftari, rudi baadaye.