Doa Lililonifuata

Swichi kuu ya mojawapo ya njia mbili za umeme zilizolisha seva zetu ilikuwa imejikata mara mbili ndani ya wiki moja, ilhali mzigo wake haukufikia hata theluthi mbili ya uwezo. Vipimajoto vya ukumbini vilisoma nyuzi 22 na viyoyozi vilikuwa vizima. Ndipo fundi mkuu akanikabidhi kamera ya infraredi, ile inayoonyesha joto kwa rangi, ambayo nilikuwa nimeishika mafunzoni tu, akaniagiza nipige picha paneli ile umeme ukiwa unapita, kwa kuwa kiungo kibovu kikizimwa hupoa na kufanana na vizima.

Tulivaa mavazi ya kujikinga na mlipuko wa umeme, kisha tukaondoa hata kifuniko cha plastiki angavu, maana macho hupenya plastiki hiyo lakini kamera huliona joto la plastiki yenyewe tu. Mara nikaona doa jekundu kwenye upau wa shaba, nikatangaza kwamba nimempata mwizi.

“Sogea kushoto hatua moja,” akasema fundi mkuu.

Nikasogea, doa nalo likasogea. Lilikuwa joto la mwili wangu! Shaba inayong’aa hutoa mionzi michache ya joto lake, na kama kioo hurudisha ile ya vitu vilivyo mbele yake. Akaniambia nilenge ganda jeusi la kebo, karibu kabisa na kiungo. Fazi ya kwanza, yaani laini moja kati ya tatu za umeme za swichi ile, ilisoma nyuzi 38 na ya tatu 39. Ya pili, iliyobeba mkondo karibu sawa na wenzake, ilisoma 81.

Boliti ilikuwa imelegea. Joto la kiungo hicho lilipenya hadi ndani ya swichi na kuupinda ukanda wa metali mbili unaoikata swichi ukipata joto, nayo ikajikata kana kwamba mzigo umezidi.

Tulihamishia mzigo kwenye njia ya pili, tukazima na kufunga kufuli, tukabadilisha kiungo kilichokwisha kuwa cheusi, na kukaza boliti zote kwa spana yenye kipimo. Fundi mkuu akabandika tepu nyeusi juu ya kila upau, ili siku nyingine kamera ipate mahali pa kusoma. Saa moja baada ya mzigo kurudi, fazi zote tatu zilikuwa kati ya nyuzi 38 na 40. Nilipiga picha hiyo, kisha nikasogea kushoto hatua moja bila kuambiwa.