Nyumba Iliyosubiri Mvua

Januari 2018, dalali alitupeleka mimi na mume wangu kuona nyumba ya vyumba vitatu upande wa Kiamunyi, magharibi mwa mji wa Nakuru, na kabla hatujatoka langoni nilikuwa nimeshapanga moyoni mahali pa kuweka meza ya kulia. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limewaka, kuta zinanukia rangi mpya, naye dalali akatuambia kwamba kuna mnunuzi mwingine anayetaka kuweka arubuni siku ile ile. Akiba yetu ya miaka 11 katika sako ilikuwa tayari. Lau uamuzi ungekuwa wangu peke yangu, ningelipa.

Aliyetuzuia ni mjomba wangu, mwashi aliyejenga Nakuru kwa zaidi ya miaka 30, ambaye alinipigia simu kutoka Molo na kusisitiza kwamba tusitoe hata shilingi moja mpaka nyumba ile inyeshewe. Nilinuna, kwa sababu masika yalikuwa bado mbali. Alinieleza kwa subira kwamba udongo wa sehemu kubwa ya Nakuru ni majivu ya volkano, mepesi na rahisi kusombwa, na kwamba chini yake ardhi ya Bonde la Ufa ina mipasuko ya tangu zamani. Wakati wa kiangazi huwezi kuona lolote, lakini maji mengi yakipenya hubeba udongo na kuushusha katika mipasuko hiyo, na juu ardhi ikatitia. Mwezi Machi, ufa mkubwa ulipoikata barabara ya Maai Mahiu kwenda Narok, niliacha kununa.

Tulirudi Aprili, asubuhi iliyofuata usiku wa mvua kubwa, safari hii pamoja na mjomba. Hakuingia sebuleni. Aliizunguka nyumba polepole, akatazama maji ya paa yanakoelekea, kisha akaniita kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, chini ya pembe ya dirisha, ambapo rangi ilikuwa nyororo kuliko kwingineko. Alitoa sarafu mfukoni akaigonga plasta: pembeni ililia kwa ukavu, lakini pale ililia kama debe tupu. Nilipoinama niliona ufa mwembamba wa mshazari ukianza kujitokeza tena juu ya rangi ambayo haikuwa na miezi minne.

“Ufa wa plasta haunitishi, mwanangu,” alisema. “Nataka kujua huu unatoka wapi.”

Aliufuata nje. Kutoka chini ya dirisha lile, mstari wa udongo mpya usiomea nyasi ulivuka ua mzima hadi kwenye ukuta wa mpaka, na pale ukutani palikuwa na mwanya ambao niliweza kupenyeza vidole vyangu vinne. Tulipochungulia ng'ambo, mstari ule ule uliendelea katika shamba la mahindi la jirani, umenyooka kana kwamba umepimwa kwa kamba. Nilisimama hapo nimeshika ukuta, na miguu ikaniisha nguvu.

Mama wa jirani alitukaribisha kwake tukanywa chai. Hakutaka kumharibia mtu biashara, lakini tulipomuuliza waziwazi alijibu waziwazi.

“Kila masika hapo humwagwa kifusi, mama. Mwaka jana zilikuja lori tatu.”

Alituambia pia jambo ambalo halikuwa limetupitia akilini, kwamba maji ya kisima yanayotumika katika nyumba zile yana floridi nyingi, na hakuhitaji kutueleza zaidi, kwa kuwa mwanawe wa miaka tisa alikuwa amesimama mlangoni akitutabasamia kwa meno yenye madoa ya kahawia. Yeye mwenyewe sasa alikuwa akikinga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupika. Namheshimu mwanamke yule hadi leo. Hatukuwa tunajuana, naye hakupata faida yoyote kwa kutuambia ukweli.

Jioni nilimpigia dalali simu nikamweleza tulichokiona. Hakukana chochote.

“Mama, mmekuja wakati mbaya,” alisema. “Mvua itaisha mwezi ujao. Njooni muione tena jua likiwaka.”

Hatukurudi.